Mali Itokayo Chini ya Ardhi: Habari za Miji ya Maji ya Tiba ya Bohemia



Twazungumza mbele yenu katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi. Waliotutangulia wamekwisha eleza habari za mizani, maghala, mikopo na bei, nasi hatuna la kuongeza juu ya hayo. Sisi tumeombwa tuwapeleke mbali kidogo, mpate kuona jinsi watu wa nchi nyingine walivyoishi miaka mingi kwa kutegemea mali ya namna moja.

Nchi tuliyoichagua ni pembe ya magharibi ya Bohemia, katika Ucheki ya leo, mpakani na Ujerumani. Mali ya watu wa huko si zao la shamba. Ni maji yanayobubujika kutoka ardhini, mengine ya moto, mengine ya baridi. Hakuna aliyeyapanda maji hayo wala kuyapalilia. Hata hivyo, kwa muda wa miaka zaidi ya 600 yamelisha watu, yamejenga miji na kugombanisha majirani. Kwa hiyo liko swali ambalo tutalifuata katika mazungumzo haya yote: mali ambayo hakuna mtu aliyeifanya ni mali ya nani, na ni nani apaswaye kuilinda?

Miji mikuu ya maji hayo ni mitatu: Karlovy Vary, Mariánské Lázně na Františkovy Lázně. Zamani, wakazi wake wengi walipokuwa watu wa lugha ya Kijerumani, iliitwa Karlsbad, Marienbad na Franzensbad. Haipo mbali mmoja na mwingine. Mtu mwenye gari aweza kuiona yote mitatu katika siku moja. Nchi yenyewe ni ya vilima na misitu ya misonobari, na wakati wa baridi hufunikwa na theluji.

Mkubwa kati ya miji hiyo ni Karlovy Vary. Umejengwa katika bonde jembamba, nyumba zake ndefu zikiegemea vilima huku na huku, na katikati hupita mto mdogo uitwao Teplá, maana yake mto wa uvuguvugu. Hapo pana chemchemi moja mashuhuri kuliko zote, iitwayo Vřídlo. Maji yake yana joto la digrii 73 hivi. Huruka juu hata kufikia mita 12, na kila dakika hutoka takriban lita 2,000. Mtu akiyaona mara ya kwanza hudhani kuna mashine chini yake inayoyasukuma.

Lakini mashine ni ardhi yenyewe. Maji ya mvua huingia katika nyufa za mwamba mgumu wa matale, yakazama chini sana mahali penye joto. Huko huyeyusha chumvi za namna nyingi, kisha husukumwa juu tena kwa nguvu ya hewa ya ukaa, ile ile inayotoa povu katika soda. Yanapofika juu na kupoa huacha jiwe la rangi ya kahawia. Wenyeji huweka maua ya waridi ya karatasi ndani ya maji hayo, na baada ya siku chache waridi hugeuka kuwa la jiwe, wakawauzia wageni kuwa kumbukumbu. Jiwe hilo hilo limetanda chini ya mji kama kifuniko juu ya chungu kinachochemka. Likitobolewa ovyo, maji hupata njia nyingine, na chemchemi hupungua nguvu. Jiwe hilo huziba mabomba pia, kwa hiyo hapana budi mafundi wayasafishe na kuyabadili mara kwa mara. Mwaona basi kuwa hata mali inayotoka yenyewe yataka kazi.

Masimulizi ya wenyeji husema kwamba chemchemi hiyo iligunduliwa na Mfalme Karel wa Nne alipokuwa akiwinda. Mbwa wake alimfukuza paa akatumbukia katika maji ya moto, akalia, na watu walipomwendea wakayaona maji. Hiyo ni hadithi. Ijulikanayo kwa hakika ni kwamba mji uliochukua jina la mfalme huyo ulianza karibu na mwaka 1350, na kwamba tarehe 14 Agosti 1370 aliupa haki za mji kwa hati.

Watu wa zamani hawakuyanywa maji hayo. Walikaa ndani yake saa nyingi kila siku, hata ngozi ikachubuka, wakiamini kwamba ugonjwa hutoka kwa njia ya vidonda. Mwaka 1522 daktari mmoja, Václav Payer, alichapisha kitabu akashauri kuwa maji yanywewe pia. Lakini aliyeipa kazi hii msingi wa elimu ni David Becher, daktari wa mji huo huo, aliyeishi kati ya mwaka 1725 na 1792. Yeye aliyapima maji, akachunguza yaliyomo, akawafundisha wagonjwa kunywa kwa kiasi pale pale chemchemini huku wakitembea polepole. Kwa ajili hiyo zikajengwa kumbi ndefu zenye nguzo, ili wagonjwa watembee bila kunyeshewa. Maarufu katika hizo ni ile iliyojengwa kati ya mwaka 1871 na 1881 kwa ramani ya Josef Zítek, yenye nguzo 124.

Becher alianzisha pia kazi ya kukausha maji ya Vřídlo na kupata chumvi yake, ambayo ilifungwa na kupelekwa nchi za mbali. Hapo ndipo watu wa Karlovy Vary walipojifunza jambo ambalo kila mwuzaji hulijua. Chumvi yao ilipopata sifa, watengenezaji wa dawa katika nchi nyingine walichanganya chumvi za kawaida kwa kuifuatisha, wakaiita kwa jina la mji ule. Maji hayakuweza kuibwa, lakini jina liliweza. Tangu hapo kulinda jina kukawa kazi moja na kulinda chemchemi.

Tuiache Karlovy Vary kwanza, twende Františkovy Lázně, mji mdogo karibu na mji wa zamani uitwao Cheb. Maji ya hapo ni ya baridi, na wanawake maskini wa Cheb walikuwa wakiyateka kwa mitungi na kuyabeba mpaka mjini, wakayauza nyumba kwa nyumba. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Basi daktari wa Cheb, Bernhard Adler, aliona kwamba chemchemi iko wazi na maji huchafuka. Akataka iwekewe ukingo na kujengewa kibanda, wagonjwa waje wenyewe mahali penye maji. Katika mwaka 1791 jengo hilo lilipoinuka, wanawake wale wakajikusanya, wakaenda, wakalibomoa.

Ndugu zetu, daktari hakuwa na nia mbaya. Ujenzi uliendelea, na mwaka 1793 mji wa tiba ukaanzishwa kwa jina la Maliki Franz. Wenye nyumba, wapishi na wauguzi wakapata kazi kwa vizazi vingi. Lakini kwa wanawake wale jengo halikuwa maendeleo, bali lilikuwa mtungi uliovunjwa. Walioupanga mji walijua faida ya maji. Hawakuhesabu kwamba walikuwapo watu ambao tayari walikuwa wakiishi kwa maji hayo hayo.

Mji wa tatu, Mariánské Lázně, una habari ya namna nyingine. Chemchemi zake, 40 hivi ndani ya mji peke yake, zilikuwa katika bonde la matope na msitu, nalo bonde hilo lilikuwa mali ya monasteri ya Teplá, iliyoanzishwa mwaka 1193. Daktari wa monasteri, Josef Nehr, aliona wagonjwa wakipona, akasihi mahali pajengwe. Mkuu wa monasteri, Abate Karl Reitenberger, alimwamini. Akatoa fedha za monasteri, akamwita Václav Skalník, fundi wa bustani, aukaushe ule ujaluba na kuugeuza kuwa bustani. Mwaka 1818 mahali hapo pakatangazwa kuwa mji wa tiba wa watu wote.

Lakini fedha hutoka siku moja, na faida huchelewa. Watawa wenzake Abate walinung'unika, wakasema kwamba ametapanya mali ya nyumba yao. Mwaka 1827 alilazimika kuacha cheo, akapelekwa mbali katika nchi ya Tirol, akafa huko mwaka 1860. Wakati ule mji aliouanzisha ulikuwa umekwisha kuwa mashuhuri Ulaya nzima, wala hakupata kuufaidi. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza aliuzuru mara tisa kati ya mwaka 1897 na 1909. Bustani za Skalník zipo hata leo, na wageni huzipita bila kujua zilivyomgharimu yule aliyezilipia.

Kando ya maji, nchi hiyo ina mali nyingine chini ya ardhi. Upo udongo mweupe unaofaa kufinyanga vyombo vya kaure, na tangu mwisho wa karne ya 18 viwanda vya sahani na vikombe vilisimama karibu na Karlovy Vary. Kikombe chembamba chenye mkono ulio mrija, ambacho mgonjwa hunywea maji ya moto kidogo kidogo, ni kazi ya viwanda hivyo. Mwaka 1857 Ludwig Moser alifungua duka la vyombo vya kioo, na jina lake lingali linajulikana kwa wapenda bilauri nzuri. Mwaka 1873 Heinrich Mattoni, mwenyeji wa mji huo, alizinunua chemchemi za Kyselka alizokuwa amezikodi, akauza maji katika chupa. Wageni walikunywa maji, na pamoja nayo wakanunua kikombe, bilauri, mkate mwembamba wa duara uliotiwa sukari na lozi, na pombe ya majani iliyoanza kutengenezwa na Josef Becher mwaka 1807. Hivyo maji yaliyotolewa karibu bure yalileta fedha katika vitu vingine vyote.

Kaskazini ya hapo, milimani, upo mji wa Jáchymov, na habari yake yatugusa hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 16 ilipatikana huko fedha nyingi, ikapigwa sarafu. Kwa kuwa mji uliitwa kwa Kijerumani Joachimsthal, sarafu ikaitwa thaler, na kutokana na jina hilo likapatikana neno dola. Zile riale zenye sura ya Malkia Maria Theresa, ambazo wazee wa pwani yetu walizitumia katika biashara ya karne ya 19, zilikuwa thaler za ukoo huo huo. Fedha ya Jáchymov ilipokwisha, mji ulififia. Kisha katika taka za migodi yake Marie na Pierre Curie walipata radi, madini ya ajabu waliyoyatangaza mwaka 1898, na mwaka 1906 maji ya mgodi yakaanza kutumiwa kwa tiba. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili urani ilichimbwa huko kwa kazi ya kulazimishwa, na katika waliolazimishwa walikuwamo wafungwa wa siasa. Ardhi moja ilitoa sarafu, dawa na mateso.

Yapo pia makaa ya mawe, na hapa twafika mahali penye onyo kubwa. Kaskazini mwa Bohemia upo mji wa Teplice, ambao nao ulikuwa mji wa maji ya moto. Ndiko Goethe na Beethoven walikokutana mwaka 1812. Karibu na mji huo, upande wa Duchcov, watu walichimba makaa, na kila mwaka walizidi kwenda chini. Tarehe 10 Februari 1879 ukuta wa mgodi mmoja ulipasuka, maji yakaingia kwa kishindo, wachimbaji wakafa. Haikupita siku nyingi, chemchemi kuu ya Teplice ikakauka. Maji yaliyotoka tangu kale na kale yalikuwa yamepata mlango mwingine. Ikabidi wenye mji wachimbe kisima kirefu kuyafuata. Wenye mgodi walikuwa wamechimba katika ardhi yao, kwa haki yao. Lakini chini ya ardhi hakuna ua wala mpaka.

Habari hiyo iliwatia hofu watu wa Karlovy Vary, maana bonde la makaa la Sokolov li jirani yao. Ndiyo maana serikali huweka maeneo ya ulinzi, ambamo mtu haruhusiwi kuchimba apendavyo hata kama kiwanja ni chake. Sheria ya Ucheki ya mwaka 2001 inamtaka kila mwenye kutumia chemchemi ya tiba apate kibali cha Wizara ya Afya. Hivyo ndivyo watu wa huko walivyolijibu swali letu. Nyumba yaweza kuwa ya mtu, hoteli yaweza kuwa ya kampuni, lakini chemchemi sharti ilindwe na wote.

Ingekuwa vema kama tungeishia hapo. Lakini kulinda maji si sawa na kulinda maisha ya watu, na historia ya karne ya 20 yaonyesha hivyo. Mwaka 1911 wageni zaidi ya 70,000 walifika Karlovy Vary. Miaka mitatu baadaye vita vikaanza, wakuu na matajiri wa Urusi, Ujerumani na Austria waliokuwa wakija pamoja wakawa maadui, na vyumba vikabaki vitupu. Mwaka 1918 nchi ikawa Chekoslovakia. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliitwaa sehemu hiyo. Baada ya vita, katika mwaka 1945 na 1946, wakazi wa lugha ya Kijerumani walifukuzwa karibu wote, wenye hatia na wasio na hatia, wakaacha nyumba, karakana na makaburi ya wazee wao. Walioletwa badala yao walitoka pande nyingine, wakakuta miji mizuri ambayo hawakuijua desturi yake. Mwaka 1948 miji ya tiba ilifanywa mali ya taifa, na wafanyakazi wakapelekwa huko kutibiwa. Baada ya mabadiliko ya mwaka 1989 majumba mengi yakauzwa tena kwa watu na makampuni.

Tangu hapo wageni wengi wenye fedha walitoka Urusi, na maduka ya Karlovy Vary yakaandika vibao kwa Kirusi. Wagonjwa wengine walikuwa raia wa Ucheki wenyewe, wakilipiwa na bima ya afya. Basi mwaka 2012 serikali ilipopunguza siku ambazo bima hulipia, nyumba za tiba zikapata hasara. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mipaka. Mwaka 2022 Urusi iliposhambulia Ukraine, Ucheki iliacha kuwapa Warusi viza za kawaida. Mara zote hizo Vřídlo halikupungua hata kipimo kimoja. Maji yalikuwa yale yale; mnunuzi ndiye aliyekosekana.

Tena kuna jambo litakalowashangaza. Mkoa huo wenye majumba ya fahari, wenye tamasha la filamu lililoanza mwaka 1946 na kuleta watu mashuhuri kila mwezi Julai, umo katika mikoa ya Ucheki yenye mishahara midogo kabisa. Migodi ya makaa inapungua, viwanda vingi vya kaure vimefungwa, na vijana waliosoma huenda Prague au Ujerumani kutafuta kazi. Fahari ya mahali si kipimo cha mfuko wa mwenyeji wake.

Hata hivyo hawakukata tamaa. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliandika miji 11 ya maji ya tiba ya Ulaya, katika nchi saba, kuwa urithi wa dunia, na miji yetu yote mitatu imo, pamoja na Bath ya Uingereza, Vichy ya Ufaransa na Spa ya Ubelgiji. Jambo la kutazamwa ni kwamba miji hiyo, iliyokuwa ikishindana kwa wageni karne nyingi, iliomba kwa pamoja, katika ombi moja. Mgeni afikaye leo aweza kunywa maji chini ya nguzo za Zítek, kutembea katika bustani za Skalník, na karibu na Františkovy Lázně kuiona Soos, mbuga ya matope ambamo hewa hububujika kutoka ardhini kama chungu cha uji jikoni.

Ndugu wanachama, hatukuja kuwaambia mgeuke wauza maji. Lakini miaka kumi ni umri wa kujiuliza maswali. Maofisa wetu, mnapopanga jambo jema, wakumbukeni wanawake wa Cheb: ulizeni kwanza ni nani anayeishi kwa njia ile ya zamani, mkamwite aketi pamoja nanyi kabla ukuta haujainuka. Nasi wanachama tumkumbuke Abate wa Teplá. Ni haki yetu kudai hesabu, tena ni wajibu. Lakini tujue kupambanua kati ya fedha iliyotapanywa na fedha iliyopandwa ambayo haijaota. Na sote pamoja tuikumbuke Teplice, ambako kila mtu alichimba katika kiwanja chake, na maji ya wote yakapotea.

Twawatakia heri katika miaka kumi ijayo.